Maji Yakitulia, Niite

Mrija ulitoka ubavuni mwa mtoto, chini kidogo ya kwapa la kulia, ukakatiza juu ya shuka, ukashuka hadi sakafuni na kuzama ndani ya chupa. Ilikuwa chupa ya maji ya dukani, ile kubwa ya plastiki, na bado ilikuwa na karatasi yake ya bluu yenye picha ya mlima. Kifuniko kilikuwa kimetobolewa kwa msumari uliochomwa moto, tundu moja la mrija na jingine la hewa. Maji ya ndani yalikuwa yamebadilika rangi, yanafanana na maziwa yaliyokatika.

Mwaisha alikaa sakafuni, mgongo ameuegemeza kwenye mguu wa kitanda, miguu ameinyoosha kwa sababu mimba ilikuwa kubwa na haikumruhusu kujikunja. Akiwa pale chini, chupa ilikuwa usawa wa macho yake. Hidaya alipovuta pumzi, maji yalipanda kidogo ndani ya mrija. Alipoitoa, yalishuka, na mapovu mawili matatu yakatoka kwenye ncha, yakapanda, yakapasuka. Bu. Bu-bu. Halafu kimya. Halafu tena.

"Mama Hidaya, kazi yako ndiyo hiyo," alikuwa amemwambia Sista Editha siku ile mrija ulipowekwa. Sista alikuwa mama mtu mzima, anayetembea kwa kuchechemea kidogo, na wodi nzima ya watoto ilikuwa mikononi mwake peke yake. "Maji yakicheza, mrija uko wazi. Yakitulia, niite. Usimwite jirani, usianze kumwita Mungu. Niite mimi kwanza, Mungu nitamwita mwenyewe."

Akina mama walicheka. Mwaisha naye alicheka, kisha akageukia chupa na tangu hapo hakuiacha.

Kitanda kilikuwa cha watoto wawili, mmoja kichwa huku na mwingine kichwa kule. Upande wa miguuni mwa Hidaya alilala Elia, mtoto wa mama mmoja wa Kihonda, palepale mjini, aliyekuwa kibarua wa kiwanda cha tumbaku. Elia alikuwa ameletwa kwa ugonjwa uleule, kifua kinabana na mbavu zinaingia ndani. Alichomwa sindano za dawa, homa ikashuka, akaanza kudai ndizi. Hakuwekewa mrija wala chupa. Asubuhi moja alikaa kitandani akaanza kuvuta nywele za Hidaya, na Hidaya, ambaye hakuwa na nguvu ya kulia, akamtazama tu.

"Mshenzi wewe, mwache mwenzio!" mama Elia alimpiga kofi mkononi. Kisha akamgeukia Mwaisha kwa aibu. "Samahani mwenzangu. Akipona tu, anakuwa jambazi."

"Mwache avute," Mwaisha alisema. "Labda ataamka."

Daktari Evance alikuwa kijana mwembamba, koti limemzidi mabega. Alipopita asubuhi alifuatwa na wanafunzi wenye madaftari. Siku ya pili baada ya mrija kuwekwa alimulika tochi kinywani mwa Hidaya, akamulika tena.

"Mama, huyu amekatwa kimeo."

Mwaisha alisimama kwa kushika kitanda.

"Nakuuliza wewe. Amekatwa wapi?"

"Nyumbani, daktari."

"Nyumbani wapi? Nyumbani kwenu kuna chumba cha upasuaji?"

Wanafunzi wakacheka kwa sauti ya chini. Mwaisha aliangalia sakafu, pale chupa ilipokuwa, akaona mapovu yanapanda, akapata nguvu ya kusema, "Ni juu, milimani, Lukengeza."

"Mmemkata mtoto koo kwa kisu cha kutu, halafu mnatuletea sisi usaha." Daktari alizima tochi. Hakuwa amesema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyechoka, na huenda ndiyo maana ikachoma zaidi. Toka siku ile, wodini hakuitwa tena mama Hidaya. Waliokuwa wakipanga foleni ya uji walisema, "Mpishe mama wa kimeo."

Hakuwaeleza. Angeanzia wapi?

Angeanzia kwenye redio ya mjomba wake Mwinshehe, ambayo mwaka ule ilitangaza kwamba imekuja chanjo mpya ya nimonia, bure, kwa kila mtoto, na kwamba watoto wengi hawatakufa tena kwa kubanwa kifua. Mwaisha alikuwa amejifungua karibuni. Mtoto alipofikia wiki walizotaja, alimfunga mgongoni akateremka kwenda zahanati, njia ya migomba na mawe yenye utelezi, akivuka vijito kwa kupandisha kanga magotini. Alipofika chini jua lilikuwa limeshatoka kwenye ukungu.

Leonard, mganga wa zahanati, ambaye wote walimwita daktari, alimwonyesha friji. Ilikuwa nyeupe, fupi, ya kuwashwa kwa gesi, imesimama pembeni mwa chumba cha kupimia watoto. Alifungua mlango wake. Ilitoa harufu ya mpira na joto.

"Mtungi umeisha gesi, dada. Chanjo haikai kwenye friji ya joto, inakufa. Rudi mwezi ujao."

Mwezi uliofuata alikuta kufuli. Mwanamke aliyekuwa akiuza maandazi pale nje alimwambia daktari yuko mjini.

"Amekwenda kufanya nini?"

"Semina."

"Semina ya nini?"

"Ya chanjo," mwuza maandazi alisema, na akageuza andazi lake kwenye mafuta.

Mara nyingine chanjo zilikuja kweli, juu ya pikipiki, ndani ya kisanduku chenye barafu. Mwaisha alisikia habari hiyo shambani, akaacha jembe palepale. Lakini Lukengeza ni mbali, na walioishi kando ya barabara walifika kwanza. Wanawake wa juu walipoingia uani wakitweta, nesi aliyekuja na pikipiki alikuwa anamwaga maji ya kisanduku kwenye maua.

"Barafu imeyeyuka," aliwaambia. "Nikiwachoma hii, nitakuwa nawachoma maji tu. Mngewahi."

"Tungewahi tukitokea wapi?" mmoja aliuliza. "Sisi tuna mabawa?"

Nesi hakukasirika. Alisema pole, akapanda pikipiki.

Kuhusu mtungi wa gesi watu walisema mengi. Walisema mke wa Leonard ana mgahawa pale njia panda, na chapati zake hazina moshi wa kuni. Mwaisha hakuwahi kuingia jikoni kwa mke wa Leonard. Kitu ambacho hakukiona kwa macho yake hakukisema.

Halafu kikohozi kilimwanza Hidaya akiwa anaanza kutembea. Kilianza kidogo, kama vile mtoto anavyokohoa masika. Kikaleta homa. Alimteremsha, kufuli. Alimteremsha tena, Leonard alikuwepo, akamsikiliza kifua, akampa vidonge vya homa, akasema dawa yenyewe kwenye kabati la serikali imekwisha ila inapatikana dukani kwake, pale ng'ambo ya barabara. Mwaisha alinunua chupa moja ya dawa ya maji, ya pinki. Ilikwisha. Kikohozi hakikwisha.

"Huyu ana kimeo," alisema mama yake, bibi Semeni. Alikuwa amemshika mtoto magotini, anamwangalia kinywani kwenye mwanga wa mlangoni. "Kimerefuka hicho, kinagusa ulimi. Ndicho kinachomkohoza."

"Daktari alisema ni kifua."

"Daktari yupi? Wa kufuli?" Semeni alimrudishia mtoto. "Wewe mwenyewe ulikatwa ukiwa mdogo kuliko huyu, na leo uko hai unanibishia."

Mzee Kasimiri, mkata vimeo, aliishi juu kidogo ya chemchemi. Mlango wake haukuwa na kufuli kwa sababu haukuwa na komeo. Alinawa mikono, akakiosha kisu chake kidogo kilichopinda kama kucha ya ndege, akamwambia Mwaisha amshike mtoto mikono na Semeni ashike kichwa. Ilikuwa haraka. Hidaya alitema damu kidogo na kulala. Kasimiri hakudai kitu. Alisema akipona wamletee kuku, asipopona wamletee habari. Usiku ule mtoto hakukohoa, na Semeni alisema, "Unaona?"

Siku chache baadaye matundu ya pua yalikuwa yanapanuka kama za mnyama aliyekimbizwa, na ngozi kati ya mbavu inazama kila pumzi. Vijana wa jirani waliwabeba Mwaisha na mtoto wake kwa zamu hadi barabarani, bodaboda ikawafikisha Mkuyuni, na kutoka Mkuyuni gari la mananasi likawashusha mjini, nje ya geti la hospitali.

Hayo yote angeyaeleza kwenye foleni ya uji?

Mchana mmoja Sista Editha alikuja kumwaga chupa na kuijaza maji mapya. Aliinama kwa shida, akaipima kwa macho, akanusa. Mama Elia alikuwa anafunga vitu vyake. Mtoto wake alikuwa ameruhusiwa.

"Zamani," Sista alisema, kama anayejisemea, "safu hii yote ilikuwa chupa. Kutoka dirisha lile mpaka mlango. Nikiingia asubuhi nasikia bu-bu-bu, utadhani wodi inachemka. Tangu hiyo chanjo ya nimonia, zimepungua. Sasa zinakuja moja moja. Na kila inapokuja nauliza, mama, unatoka wapi? Najibiwa, juu."

"Mwanangu mimi alichanjwa zote," mama Elia alisema. Kisha akaona alichosema, akaacha kufunga. "Ni kwa kuwa kliniki iko karibu na mimi, mwenzangu. Nikitoka getini kwa kiwanda, iko pale."

"Hata waliochanjwa wengine wanakuja na usaha," Sista alisema. "Nimewaona. Sindano haizuii kila kitu. Ila hawaji wengi kama zamani."

"Kwa hiyo huyu wangu," Mwaisha aliuliza, "angechanjwa, asingepata haya?"

Sista Editha aliinuka taratibu, akashika kiuno. Alikuwa na uso wa mtu anayetafuta jibu lisilo la uongo na lisilo la kuua.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Hilo hakuna anayelijua. Angalia maji."

Mama Elia alipoondoka alimwachia Mwaisha sabuni kipande na ndizi mbili. Mtoto mwingine akalazwa pale miguuni mwa Hidaya jioni hiyohiyo.

Watu wa mradi wa afya ya watoto walikuja Jumatano. Alikuwepo dada mmoja mwenye kitambulisho shingoni, viatu safi, sauti laini, na kijana mwenye kamera. Walizungumza kwanza na Daktari Evance kwenye meza ya manesi. Daktari alinyoosha kidole kuelekea kitanda cha Hidaya.

"Pole na kuuguza, mama," dada yule alisema, akachuchumaa ili wawe sawa. Hilo Mwaisha alilikumbuka baadaye: kwamba alichuchumaa. "Sisi tunataka kuokoa watoto wengine wasipate haya. Tunatengeneza bango. Tunaomba picha yako na mtoto."

"Bango la chanjo?"

"La kimeo. Kuelimisha jamii waache kukata kimeo."

Mwaisha alifikiri. "Na chanjo je?"

"Chanjo ipo, mama. Nchi nzima ipo. Tatizo letu ni elimu."

"Kwetu nilikwenda. Friji haina gesi. Nikarudi, kufuli. Nikarudi tena, barafu imeyeyuka."

Dada alitikisa kichwa kwa huruma, akaandika neno moja. Mwaisha alikuwa amesoma hadi darasa la saba, na maandishi ya dada yalikuwa makubwa na mazuri. Alikuwa ameandika: *Umbali.*

"Hayo nitayafikisha," alisema. "Ila bango lina ujumbe mmoja tu. Ukiweka ujumbe mwingi, watu hawaelewi."

Sista Editha alikuwa karibu, anafunga dripu ya mtoto mwingine. Aliongea bila kugeuka. "Wakubalie. Mrija huu ni mwembamba, usaha umeshaanza kuwa mzito. Ule mnene stoo haupo. Hawa wana gari, wanaweza kuutafuta."

"Tutaangalia," dada alisema haraka. "Siwezi kuahidi, lakini tutaangalia."

Kijana wa kamera alimwomba Mwaisha amnyanyue Hidaya kidogo, hivyo, mrija uonekane. Asogee kwenye mwanga. Ashushe ushungi, uso usiwe na kivuli. Asitabasamu.

"Sikuwa natabasamu," Mwaisha alisema.

"Basi ni sura yako tu, mama. Angalia chini. Hapohapo."

Aliangalia chini, kwenye chupa. Kamera ikalia.

Mrija mnene haukuja Alhamisi, wala Ijumaa.

Ilikuwa saa ya kuona wagonjwa. Milango ilikuwa imefunguliwa na wodi ilijaa watu wenye vikapu, chupa za chai, harufu ya maembe na ya mavazi yaliyopigwa pasi kwa mkaa. Watoto walilia, ndugu walisalimiana, mtu alikuwa anasimulia jinsi treni ilivyochelewa Kingolwira. Mwaisha alikuwa anamlisha Hidaya uji kwa kidole. Aliinua macho, akaangalia maji.

Yalikuwa yametulia.

Alidhani hajatazama vizuri. Akalala ubavu sakafuni, tumbo lake likimzuia, jicho lake likakaribia plastiki. Ndani ya mrija kulikuwa na kitu cheupe kimeganda kama ukoko wa uji. Juu, kitandani, kifua cha mtoto kilikuwa kinapanda haraka haraka. Chini, maji hayakujua.

"Sista!" aliita.

Sauti haikufika mbali. Wodi ilikuwa soko.

"Sista! Maji yametulia! Sista!"

Watu walimpisha, wengine wakageuka kumtazama. Sista Editha alikuja akichechemea, akipenya kati ya vikapu, akaukamua mrija kwa vidole kutoka juu kwenda chini, mara nyingi, mpaka vidole vikawa vyeupe. Ukoko ulisogea kidogo ukakwama. Alimtuma mtu kwa Daktari Evance. Daktari alikuja mbio, koti linampepea, akajaribu kwa bomba la sindano na maji ya chumvi, akajaribu tena.

"Mpigie daktari mkubwa," alisema.

"Yuko kliniki yake mwenyewe. Simu inaita tu."

"Stoo?"

"Nimeshakwenda stoo mara ngapi, daktari?"

Daktari Evance aliushika mrija kama mtu aliyeshika kamba ya kisima kisicho na ndoo. Mwaisha, katika yote yale, alimwonea huruma. Alikuwa kijana mdogo kuliko mdogo wake wa mwisho.

Hidaya alifariki kabla kengele ya kuwatoa wageni haijapigwa. Wageni walitolewa mapema.

Walimzika juu, chini ya mdalasini wa ukoo. Wiki haijaisha mgambo wakaja kumchukua Mzee Kasimiri. Kisu chake walikifunga kwenye gazeti kama samaki. Mahakamani, Mwinshehe alisimulia baadaye, picha ya Mwaisha ilionyeshwa. Kasimiri alipewa kifungo, na waliokwenda kumwona walisema anapalilia mahindi kwenye shamba la gereza la Kingolwira, amekonda, anauliza kama yule mtoto aliacha kukohoa. Hakuna aliyemwambia.

Kijijini walianza kumpa Mwaisha salamu fupi.

"Wewe si ndiye uliyepigwa picha?" jirani mmoja alimwuliza chemchemini. "Mtu alikusaidia bure, ukamwuza kwa picha."

"Sikumwuza."

"Basi ulimpa bure. Ni afadhali?"

Bibi Semeni aliacha kwenda chemchemini kabisa. Hakuzungumza habari za kimeo, wala za kisu, wala za mtoto. Alikaa mlangoni pale alipokuwa amekalia siku ile, akimenya mihogo, na mara nyingine alifungua kinywa chake mwenyewe akakigusa ndani kwa kidole, kisha akakifunga.

Maji Mwaisha aliyachota mwenyewe. Lakini alikuwa na namna mpya ya kuchota. Zamani alilizamisha dumu lote ndani ya chemchemi likajijaza. Sasa dumu likizamishwa lilitoa sauti ile, bu, bu-bu, na mikono yake ilikufa ganzi. Alianza kuchota kwa kopo, kopo baada ya kopo, akimimina taratibu kwa ubavu ili maji yaingie bila sauti. Wanawake waliokuwa nyuma yake kwenye foleni waliguna. Maharage aliyapika na kutoka nje mpaka yaive. Alfajiri, mvua ikidondoka kutoka majani ya mgomba kwenye sufuria lililoachwa nje, aliamka na kukaa, akingoja kusikia kama itakoma.

Hamza alizaliwa mwisho wa mvua, mnene, mwenye sauti. Mwaisha alilala ameweka kiganja juu ya kifua chake.

"Utamlemea," Semeni alisema.

"Nasikiliza."

"Kiganja kinasikia?"

"Changu kinasikia, mama."

Alipofikia wiki za chanjo, Mwaisha hakungoja mwezi wa mtu. Alianza kumteremsha kila alipopata nafasi, na kila alipoulizia, Leonard alifungua mlango wa friji, na friji ilitoa harufu ya mpira na joto. Mpaka asubuhi moja kijana wa bodaboda alipanda juu kwa miguu akipiga kelele kwamba mtungi umekuja. Gesi imekuja! Friji inawaka! Mwaisha alikuwa anapalilia tangawizi. Alimfunga Hamza mgongoni, akateremka kwa kukimbia, akivuka vijito bila kupandisha kanga.

Uani kwa zahanati kulikuwa na turubai, viti vya plastiki na kipaza sauti kilichokuwa kinakoroma. Gari jeupe limeegeshwa. Mtendaji wa kijiji alikuwa amevaa koti. Mwaisha hakusimama hapo. Aliingia moja kwa moja chumba cha kupimia watoto, akachungulia nyuma ya friji, na aliuona: mwali mdogo wa bluu, umetulia, safi, kama ua. Alinyoosha mkono akagusa ubavu wa friji. Ilikuwa baridi. Alisimama hapo akiwa ameweka kiganja, na kwa mara ya kwanza tangu masika alihisi kitu kinalegea kifuani mwake.

Halafu akaja upande wa mbele.

Kuta za zahanati zilikuwa na unyevu, gundi haishiki. Mahali pekee palipokuwa laini na pakavu ni mlango wa friji, na hapo ndipo bango lilipobandikwa. Alikuwa yeye. Ameangalia chini. Hidaya yuko mikononi mwake, mrija unatoka ubavuni, unakwenda nje ya picha. Chupa haikuonekana. Juu yake iliandikwa kwa herufi nyekundu: KIMEO KINAUA. Na chini: MTOTO AKIKOHOA, MPELEKE ZAHANATI.

"Aa, mama Hidaya!" Leonard aliingia nyuma yake, kwa furaha ya kweli. "Umesikia mwenyewe? Leo uzinduzi. Karibu sana."

"Nimemleta huyu. Chanjo ya nimonia." Aligeuza mgongo ili Hamza aonekane. "Friji ina baridi. Nimeigusa."

"Ndiyo, baridi kabisa." Leonard alifungua mlango, na bango lilifunguka pamoja nao, uso wa Mwaisha ukaenda ukutani. Ndani, safu kwa safu, kulikuwa na soda. "Wageni watakunywa za moto? Ndiyo maana wametuletea mtungi."

"Na chanjo?"

"Tumeagiza. Gari lilijaa, mama. Viti, turubai, hizo spika. Kisanduku cha chanjo hakikupata nafasi. Litarudi."

"Lini?"

"Likirudi."

"Gesi itakuwepo mpaka lini?"

Leonard aliangalia mlangoni, akashusha sauti. "Mama Hidaya. Mimi sina gari. Sina mtungi. Wanachoniletea ndicho nilicho nacho. Leo usiniharibie."

Dada wa mradi aliingia kutafuta soda za meza kuu. Alimpita Mwaisha, akasema samahani, akachukua chupa nne. Kisha akasimama, akatazama bango, akatazama Mwaisha.

"Ni wewe!" Aliziweka chupa chini, akamshika mikono yote miwili. Macho yake yalikuwa na machozi, na hayakuwa ya uongo. "Na umepata mwingine! Jamani, njooni. Mama yetu jasiri amekuja."

Walimtoa nje, wakamkalisha mbele, chini ya turubai, kwenye kiti cha plastiki. Watu walipiga makofi kwa sababu kipaza sauti kilisema wapige. Mtendaji alimfungulia soda kwa meno, akajifuta, akatumbukiza mrija ndani yake, akamkabidhi kwa mikono miwili kama anavyopewa mgeni. Ilikuwa soda ya ndimu, nyeupe kama maji.

Hotuba ilianza. Ilihusu elimu.

Mwaisha aliishika chupa magotini. Mapovu yalikuwa yanatoka chini, yakishikamana na mrija, yakipanda, yakipasuka. Bu. Bu-bu. Mgongoni alikihisi kifua cha Hamza, kidogo, kikipanda na kushuka juu ya uti wake. Hakunywa. Alingoja. Soda ilianza kupata joto la mikono yake, na mapovu yakawa machache, yakawa moja moja, likaja moja la mwisho likapanda taratibu sana.

Kisha maji yakatulia.

Mwaisha akainua kichwa, akaanza kutafuta, uso baada ya uso katika safu zile zote za viti, mtu wa kumwita.